Mji wa Kisii na Vijiji Vyake: Hesabu Inatuambia Nini?

(Mazungumzo na viongozi wa vikundi vya kujisaidia kutoka Kisii na Nyamira)



  Tunajua kwamba wengine wenu mmeacha majani ya chai hayajachumwa, na wengine mmetembea kwa sababu boda boda zilishindwa na matope.

Leo hatutafundisha jinsi ya kuandika katiba ya kikundi, wala jinsi ya kuweka buku la fedha. Hayo tumeyasema mara nyingi, na mnayajua. Leo tunataka tuhesabu watu na mashamba. Mtauliza, kuhesabu watu si kazi ya serikali? Ni kazi ya serikali, ndiyo. Lakini serikali ikishahesabu, hesabu ile ni yetu sote, na sisi hatuitumii. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Tumeona kwa macho yetu kwamba hata mradi wa kikundi bila hesabu hupotea hivyo hivyo.

TUANZE NA KOSA LETU

Miaka kadhaa iliyopita, sisi wa ofisi ya maendeleo tulisaidia kikundi kimoja cha akina mama 30 kupata mkopo wa miche ya ndizi, ile ya kisasa inayokuzwa maabara. Kila mama alichukua miche 60. Karatasi zetu zilikuwa safi kabisa. Tuliandika bei ya ndizi Nairobi, nauli ya lori, na faida ya mwaka wa pili. Jambo moja tu hatukuliandika: kila mama ana shamba kiasi gani, na ni nani mwenye kauli juu ya shamba hilo.

Shina la ndizi linataka nafasi ya kama mita 3 kwa mita 4. Kwa hiyo eka moja huchukua kama mashina 330. Miche 60 inataka karibu sehemu moja kwa tano ya eka, tena mahali pasipo na kitu kingine. Akina mama wale wengi wao walikuwa na robo eka au nusu eka. Juu ya hiyo nusu eka kuna nyumba, choo, jiko, napia ya ng'ombe, mistari michache ya chai, mahindi ya chakula na makaburi ya wazee. Wengine walipoanza kuchimba mashimo waliambiwa na shemeji zao, "Hapo hapapandwi kitu, hapo ni pa ndugu yetu aliye Mombasa."

Miche ikakauka ndani ya karatasi zake nyuma ya nyumba ya mweka hazina. Mkopo haukukauka. Akina mama waliulipa kwa kuuza kuku na kwa kuchuma chai ya watu wengine. Mmoja aliuza ndama wake, aliyekuwa amemwekea mtoto karo ya fomu wani. Siku ya kumaliza deni, mama mmoja mzee akatuuliza, "Nyinyi mliosoma, mbona hamkutuuliza kwanza tuna mashamba kiasi gani?" Hatukuwa na jibu. Tulisema pole, lakini pole haikumrudisha ndama.

Tangu siku ile tuliamua kwamba hatutaandika mradi wowote kabla ya kuhesabu. Na ndiyo maana tunazungumza nanyi leo.

SENSA INAHESABU NANI?

Tangu uhuru, Kenya imefanya sensa mwaka 1969, 1979, 1989, 1999, 2009 na 2019. Ile ya mwisho ilianza usiku wa tarehe 24 Agosti 2019 kuamkia tarehe 25. Sikilizeni jambo hili vizuri: mtu huhesabiwa pale alipolala usiku ule. Hahesabiwi pale alipozaliwa, wala pale atakapozikwa. Kijana wa Nyacheki aliyelala Kayole usiku ule aliandikwa Nairobi, hata kama amejenga nyumba kwa baba yake na kila Desemba anakuja na unga na mafuta ya kupikia.

Kwa hiyo hesabu ya sensa hapa kwetu ni hesabu ya waliobaki. Waliobaki ndio wanaochota maji, ndio wanaougua na kwenda zahanati, na ndio wanaokuja kwenye mkutano wa kikundi.

Jamaa zetu walioenda Marekani, na wengi wako jimbo la Minnesota, hutuambia kwamba huko hata mji mdogo una karatasi yake ya hesabu: watu ni wangapi, wana umri gani, wanafanya kazi gani, nyumba ni ngapi. Marekani wamekuwa wakihesabu watu kila miaka 10 tangu mwaka 1790. Mtu anayetaka kufungua duka huangalia hesabu kwanza. Kwetu sisi, anayetaka kufungua duka huangalia jirani amefungua nini, naye anafungua hilo hilo. Ndiyo sababu unakuta stendi moja ina vibanda saba vya M-Pesa, na hakuna hata mmoja anayeshona viatu.

WATU NI WENGI KIASI GANI?

Sasa shikeni kalamu.

Mwaka 2019 kaunti ya Kisii ilikuwa na watu 1,266,860. Nyamira ilikuwa na watu 605,576. Ukijumlisha unapata watu 1,872,436. Mwaka 1969, tulipokuwa bado wilaya moja ya Kisii, tulikuwa kama 675,000. Maana yake katika miaka 50 tumekuwa karibu mara tatu, na ardhi ni ile ile. Vilima vya Manga havikuongezeka hata futi moja.

Kisii ina kilomita za mraba kama 1,323, na Nyamira kama 897. Katika kila kilomita moja ya Kisii wanaishi watu 958. Nyamira wanaishi watu 675. Ukichukua Kenya nzima, pamoja na kule kaskazini kwenye nchi kavu, wanaishi watu 82. Sisi tumebanana kuliko hata baadhi ya miji.

Haya, tugeuze hesabu hiyo iwe ya nyumbani. Nyumba katika sensa ni watu wanaokula kutoka jiko moja. Kisii kulikuwa na nyumba 308,054. Kilomita moja ya mraba ni kama eka 247. Ukipiga hesabu, kila nyumba ya Kisii ingepata eka moja na kidogo sana. Nyamira, yenye nyumba 150,669, kila nyumba ingepata kama eka moja na nusu. Nyamira imepona kidogo kwa sababu ya Borabu, ambako watu wetu walipata makazi miaka ya 1960 katika mashamba yaliyokuwa ya walowezi wa kizungu.

Lakini ngojeni. Eka hiyo moja tumeigawa kana kwamba hakuna barabara, hakuna shule, hakuna kanisa, hakuna soko, hakuna mto wala jiwe. Ukiondoa hivyo vyote, eka haifiki. Na tumeigawa sawa kwa sawa, ilhali sote tunajua kuna wenye eka 10 na kuna wenye futi 50 kwa 100. Kwa hiyo mama mwenye nusu eka asijione kwamba yeye peke yake ndiye maskini aliyepotea njia. Yeye ndiye Kisii ya leo. Mradi unaotaka eka mbili ni mradi wa wachache, hata kama umeandikwa "mradi wa jamii" kwa herufi kubwa.

NYAMIRA NA WATU 7,324

Kuna hesabu nyingine ambayo ilitushangaza sisi wenyewe, tukairudia mara mbili tukidhani tumekosea.

Mwaka 2009 Nyamira ilikuwa na watu 598,252. Mwaka 2019 ilikuwa na 605,576. Katika miaka 10 mizima waliongezeka watu 7,324 tu. Hiyo ni kama mtu mmoja kwa kila watu mia. Kisii kutoka 1,152,282 iliongezeka kama watu 10 kwa kila mia. Kenya nzima iliongezeka watu 23 kwa kila mia.

Wale watoto tuliowabeba mgongoni wako wapi? Jibu la kwanza ni kwamba hatuzai kama zamani. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mama wa Kenya kwa wastani alikuwa anapata watoto 8. Katika uchunguzi wa mwaka 2022 wastani ulikuwa kama 3. Nyumba ya kawaida katika kaunti zetu mbili sasa ina watu 4 tu. Mzee wa miaka 70 aliyekulia katika nyumba ya watoto 11 anaona ajabu, lakini ndivyo ilivyo.

Jibu la pili ni kwamba wanaondoka. Wako Nairobi, Nakuru, Kisumu, Mombasa, kwenye mashamba ya chai ya Kericho, na wengine ng'ambo. Hesabu ya wanaume na wanawake inatuonyesha hivyo. Katika kaunti zetu mbili kulikuwa na wanawake wengi kuliko wanaume kwa 79,003. Watoto wa kiume na wa kike huzaliwa karibu sawa. Baadhi ya pengo hilo ni wajane, maana akina mama huishi zaidi ya akina baba. Lakini sehemu kubwa ni wanaume waliolala kwingine usiku ule.

Haya si maneno ya kulaumu waliokwenda. Wanatuma karo, wanatuma pesa za dawa, wanajenga. Tunachosema ni kwamba mikutano yetu bado inapangwa kana kwamba baba yuko nyumbani. Tunaandika jina la baba kwenye orodha ya wakulima, tunampigia baba simu kuuliza kama napia ikatwe. Mama anayekata napia hiyo hana kauli, hana taito, na mara nyingine shamba lenyewe bado liko kwa jina la babu aliyezikwa miaka 30 iliyopita. Kikundi kikitaka mkopo mkubwa, karatasi zinatafutwa kaburini.

Tunawaomba wazee wa koo mliopo hapa mlisikie hili bila hasira. Katiba ya mwaka 2010 inakataza kumbagua mwanamke katika mambo ya ardhi. Lakini sheria ikikaa Nairobi bila wazee kuileta kwenye kikao, mama ataendelea kuambiwa hapo hapapandwi kitu. Fuateni urithi wa mashamba mapema, wakati wanaojua mipaka bado wako hai. Kesi nyingi tunazoletewa ofisini zingekwisha kwa kikao kimoja na chai ya rangi, kama zingeanza kabla ya mzee kufa.

MJI UNAISHI KWA NINI?

Sasa tuje kwa mji wa Kisii wenyewe, maana ndio unaotuvuta sote.

Wakoloni Waingereza walianza kituo chao hapo mwaka 1907. Wazee waliuita Bosongo, yaani kwa wazungu, na wengine mpaka leo husema Getembe. Kilikuwa kituo cha serikali: ofisi, polisi, mahakama, maduka ya Wahindi. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 112,417 katika mji huo. Hao ni waliolala. Ukisimama mjini asubuhi ya siku ya soko, utaona wazi kwamba wanaoshinda mjini ni wengi kuliko wanaolala. Wanashuka kutoka Ogembo, Suneka, Nyamache, Keroka na Nyamira, jioni wanarudi.

Mji huu hauna viwanda vikubwa vya kuajiri maelfu ya watu. Viwanda vya chai viko mashambani, kule Kiamokama, Nyamache, Kebirigo, Sanganyi na kwingine. Mji unaishi kwa mambo manne.

La kwanza ni njia panda. Barabara ya Kisumu, ya Migori kuelekea Tanzania, ya Kilgoris, na ya Keroka kwenda Kericho na Nairobi zote zinakutana hapo. Kwa hiyo ni mji wa maduka ya jumla, matatu, gereji, mitumba, na soko la Daraja Mbili ambako ndizi zetu zinapakiwa kwenda mbali.

La pili ni matibabu. Hospitali kuu ya rufaa iko hapo, na zahanati na maduka ya dawa yameizunguka. Wagonjwa wanatoka hata nje ya kaunti zetu. Kila mgonjwa ana mtu wa kumwangalia, na huyo mtu anakula.

La tatu ni masomo. Chuo Kikuu cha Kisii kilipata hati yake kamili mwaka 2013. Kuna chuo cha ufundi na vyuo vingine vingi vidogo. Wanafunzi hawa wanapanga vyumba, na chumba chao hakina shamba. Hata kitunguu kimoja lazima wanunue.

La nne ni ofisi za kaunti, ambazo zilianza mwaka 2013. Mshahara wa mwisho wa mwezi unasikika mpaka kwa mama mboga.

Sasa tazameni kitu kimoja. Watu 112,417, tuseme kwa kukisia tu kwamba kila watu wanne ni nyumba moja. Hizo ni nyumba kama 28,000. Kila nyumba ikinunua mboga za shilingi 20 tu kwa siku, hiyo ni shilingi 560,000 kila siku ya Mungu. Na hatujahesabu hoteli, shule za bweni na hospitali. Pesa hizo zinakwenda kwa nani? Nenda sokoni alfajiri uangalie. Vitunguu vinatoka Tanzania, mahindi mengi yanatoka Trans Mara, samaki ziwani. Hayo sawa, hatuwezi kulima kila kitu kwenye nusu eka. Lakini mboga za kienyeji, mayai, maziwa, miche, maua ya harusi, kazi ya mikono, hivyo havitaki eka tano.

Zamani eka zetu zilitegemea mazao ya kwenda ng'ambo. Kahawa ilianza kwetu miaka ya 1930. Chai na pareto zikafuata. Pareto ililipia karo wengi wetu tulio hapa, kisha malipo yakachelewa mwaka hadi mwaka mpaka watu wakaing'oa. Kahawa wengi waliiacha ikawa kuni. Chai bado ipo, na tunashukuru, lakini mnajua wenyewe kwamba bonasi ya viwanda vya upande wetu mara nyingi huwa chini ya ile ya upande wa mashariki wa Bonde la Ufa. Hatusemi mng'oe chai. Tunasema mistari 12 ya chai haitalea watu wanne, na anayewaambia italea hajapiga hesabu.

Wenzetu wa Tabaka wametufundisha jambo. Jiwe lao la kuchonga halitaki eka. Linataka mikono, maji, msasa na mnunuzi. Vinyago vyao vimefika Ulaya na Marekani. Shida yao wanaisema wenyewe: mchongaji anapata kidogo na mwenye duka la mbali anapata kikubwa. Hata hivyo wameonyesha kwamba mtu asiye na shamba si mtu asiye na kazi.

KIKUNDI KILE KILIFANYA NINI?

Turudi kwa akina mama wa ndizi. Baada ya deni kwisha, tulidhani wangetufukuza. Badala yake mwenyekiti wao alisema, "Sasa hesabuni nasi." Tukagawana kijiji. Wanachama wawili wawili walipita nyumba kwa nyumba na daftari la shule la mistari. Hawakuandika mapato ya mtu, maana hapo watu hudanganya. Waliandika waliopo na vilivyopo.

Walipomaliza, tuliketi chini ya mparachichi tukasoma. Tuliona kwamba nyumba nyingi zinaongozwa na mwanamke kwa muda mwingi wa mwaka. Tuliona wazee wanaoishi na wajukuu, bila mtu wa katikati. Tuliona kwamba karibu kila nyumba ina kipande kidogo karibu na jiko ambacho mama anaweza kukitumia bila kumwomba mtu ruhusa. Kipande hicho hakikutosha ndizi 60. Kilitosha chinsaga na rinagu.

Chinsaga ukipanda leo, baada ya wiki nne hadi sita unaanza kuchuma. Akina mama walipanga zamu ili wasivune wote siku moja na kuangusha bei. Watano wanapanda wiki hii, watano wiki ijayo. Wawili huteremka mjini na mboga za wote alfajiri, wengine wanabaki na kazi zao. Ni egesangio ile ile ya mama zetu ya kulimiana kwa zamu, ila sasa inabeba magunia. Walitafuta wateja wa kudumu, jikoni za shule na mama wa hoteli, kabla ya kupanda mbegu.

Hawajatajirika. Tusiwadanganye. Kiangazi mboga zinakauka, na kuna mwezi mteja mmoja alichelewesha pesa mpaka wakagombana. Lakini hawana deni, na karo ya mtoto wa yule mama wa ndama ililipwa. Fedha hizo zilitoka kwenye kipande ambacho sisi wataalamu tulikuwa tunakipita kila siku tukielekea kutazama shamba.

HESABU KIJIJI CHENU

Kila kikundi kinaweza kufanya kazi hii kwa wiki mbili. Mwambieni chifu na mzee wa kijiji kwanza, ili watu wasiseme mnaandikia wanasiasa au mnataka kuchukua mashamba yao. Kisha andikeni haya:

1. Nyumba ni ngapi, na kila nyumba wanalala watu wangapi siku za kawaida, si Desemba.

2. Umri: watoto wa chini ya miaka 5, watoto wa shule, vijana, watu wazima, wazee wa zaidi ya miaka 60.

3. Nani yuko mbali, yuko wapi, na anarudi lini. Jina si lazima.

4. Shamba ni kiasi gani, na ni nani anayeamua kipandwe nini. Hayo ni maswali mawili. Msiyachanganye.

5. Kazi za mikono zilizopo: fundi, mshonaji, mchongaji, mkunga, dereva, mtu aliyemaliza chuo na hana kazi.

6. Kijiji kinanunua nini kutoka nje kila wiki, na kinauza nini nje.

7. Maji, barabara, shule, zahanati: ni mwendo wa dakika ngapi kwa miguu.

Daftari hilo likae kwa katibu, wala lisitangazwe kwenye baraza kwamba fulani hana kitu. Soma jumla tu. Aibu ya mtu si takwimu.

Mkishahesabu, kila mradi unaoletwa kwenu, uwe wa serikali, wa shirika au wetu sisi, ulizeni maswali matatu. Unataka ardhi kiasi gani? Unataka saa ngapi za mama kwa siku? Nani atanunua, na yuko wapi? Anayeleta mradi akishindwa kujibu, mpeni chai, mwombeeni safari njema, na msitie sahihi.

Tena daftari hilo litawasaidia mkienda kwenye vikao vya bajeti ya kaunti. Kiongozi akisema kijiji chenu ni kidogo, mnafungua ukurasa. Mkisema "sisi ni wengi na tuna shida," hata jirani wenu atasema hivyo. Mkisema watoto wa chini ya miaka 5 ni wangapi na zahanati iko dakika 90 kwa miguu, hapo mtu anaandika.

TUMALIZIE

Ndugu wapendwa, ardhi yetu haitaongezeka. Mji utaongezeka. Watoto wetu wengine watakwenda na hawatarudi kuishi, watarudi kuzikwa. Hilo linauma, lakini kulijua ni afadhali kuliko kugawa eka moja kwa wana wanne ambao watatu wao wamepanga nyumba Nakuru, huku mama anayeilima hana hata mstari wake.

Sensa nyingine ikija, mtahesabiwa kwa usiku mmoja. Kabla ya hapo, jihesabuni wenyewe. Na mkianza, anzeni na waliobaki: mama, bibi na mtoto.  Sasa tunywe chai, kisha tugawane katika makundi.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi:

1. Katika kijiji chetu, ni nyumba ngapi ambazo baba analala kwingine muda mwingi wa mwaka? Je, mikutano yetu inajua hivyo?

2. Ni mradi gani wetu ulikufa? Ulikufa kwa sababu ya watu wabaya, au kwa sababu hatukuhesabu?

3. Ni kitu gani kimoja kinachonunuliwa na watu wa mjini kila siku, ambacho sisi tunaweza kukitoa bila kuongeza hata futi moja ya shamba?

4. Ni mashamba ya nani bado yana majina ya marehemu? Nani ataanzisha kikao?